Gramu Mbili za Protini

Kufikia asubuhi ya siku ya tatu, Inspekta alikuwa amekwisha kula vikombe kumi na vinne vya yogati ya stroberi isiyo na mafuta, na hakuna hata kimoja alichokula kwa raha. Si kwamba ilikuwa mbaya, la. Ila chakula ukikila huku unakishuku kinakuwa kama mgeni aliyekaa sebuleni bila kueleza shida yake. Unamwangalia, anakuangalia, na siku inakwenda.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuieleza. Kifuniko cha kikombe kilisema: mafuta sifuri, protini gramu nane, sukari gramu nane. Maabara ya serikali iliponunua vikombe sita dukani na kuvipima, ikakuta sukari gramu ishirini na mbili. Gramu kumi na nne zilikuwa zimeingia humo bila kukaribishwa, na Inspekta, mama wa makamo aliyeitumikia ofisi ya viwango vya chakula kwa miaka kumi na tisa, alitumwa kujua zimepita mlango gani.

Meneja wa kiwanda yeye alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza. Alimtaja Mama Chachu, mchanganyaji wa yogati kiwandani kwake kwa miaka kumi na mmoja. Huyu mama, alidai Meneja, alisimama kwenye mkutano wa wafanyakazi akasema mbele ya watu wote kwamba yogati mpya ya stroberi imekuwa chachu na wateja wataikimbia. Haukupita muda, sukari ikapanda. Kabati lake likafunguliwa, na ndani yake ukakutwa mfuko wa sukari wa kilo mbili. Mtu anataka ushahidi gani tena? Meneja alikuwa amemsimamisha kazi, na saa kumi jioni ya siku hii ya tatu alipanga kupeleka faili polisi, kosa la kuchakachua chakula kwa makusudi. Inspekta alimwomba asubiri mpaka saa hiyo itimie. Alikubali shingo upande.

Inspekta alijua maana ya faili lile. Mtu akishatajwa polisi kwa kuchakachua chakula, hata akishinda kesi, hakuna kiwanda kitakachomkabidhi tena ndoo ya maziwa. Mama Chachu hakuwa na kazi nyingine aliyoijua wala aliyoitaka. Kwa hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi, na mpaka saa kumi jioni zilikuwa zimebaki saa saba.

Alianzia kwa mtu ambaye malalamiko yake ndiyo yaliyoanzisha kesi, Mwalimu, mzee aliyefundisha hesabu mpaka alipostaafu. Mwalimu alikuwa na vitu vitatu: ugonjwa wa kisukari, daftari, na mke asiyemwamini. Daftari lilikuwa limepigwa mistari kwa rula. Kila siku aliandika sukari ya damu yake kabla ya kula, alichokula, na sukari yake baada ya saa mbili. Siku za uji zilikuwa zimetulia. Siku za mayai zilikuwa zimetulia zaidi. Siku za yogati zilikuwa zimezungushiwa wino mwekundu, na namba zake zilipanda ngazi mbili mbili.

Mkewe aliketi kochi la pili, mikono kifuani, akisubiri zamu yake. Alieleza kwamba yeye kwa upande wake haamini hadithi ya yogati. Anaamini biskuti. Alikuwa amekwisha tafuta biskuti hizo nyuma ya televisheni, kwenye mifuko ya makoti, na ndani ya viatu vya mvua.

"Nimepekuliwa kuliko abiria wa ndege," alisema Mwalimu kwa huzuni.

"Inspekta, hiyo yogati nimeionja mwenyewe," alisema mkewe. "Chachu, mpaka meno yanasisimka. Sasa niambie, sukari ya kumpandisha mtu hivyo inatoka wapi kwenye kitu kichachu?"

"Ni tamu," alisema Mwalimu.

"Miaka thelathini na minane nimekaa naye. Tamu anaijua kweli huyu?"

Hapo ndipo Inspekta alipochangamka. Kwa siku mbili alikuwa amesikiliza watu waliokubaliana kwa kila kitu, na watu wanaokubaliana hawana faida kwa mpelelezi. Alifungua mkoba, akatoa vikombe viwili vya yogati ile ile, toleo lile lile, siku ile ile ya kutengenezwa. Alimpa mama kimoja na Mwalimu kimoja, akamhakikishia mama kwamba ni vijiko viwili tu, havitamuua mzee, kisha akawaomba wale kama wanavyokula siku zote.

Mama alibandua kifuniko kwa adabu, akachota kijiko kidogo cha juu, kile cheupe, akakipeleka mdomoni. Uso ukamkunjamana. Akarudisha kikombe mezani na kukisogeza mbali. Mwalimu yeye hakuwa na habari na sehemu nyeupe. Aliingiza kijiko pembeni mpaka kikagonga chini, akakizungusha, akakitoa kikiwa kimebeba rojo jekundu la stroberi. Akafumba macho.

"Tamu," alisema.

Inspekta aliwaangalia wote wawili, akaandika mstari mmoja kwenye kijitabu chake. Kisha akauliza kama ni kawaida ya mama kuonja kijiko kimoja tu. Mama akasema ya zamani alikuwa anaimaliza yote, tena kikombe kizima, kwa sababu ya zamani ilikuwa tamu kweli kweli na ilikuwa ya waridi kuanzia juu mpaka chini. Hii mpya iliyokuja miezi mitatu iliyopita wameiharibu, wameweka wekundu wote chini. Ya zamani Mwalimu hakuigusa, maana sukari yake ilikuwa imeandikwa nyingi. Hii ndiyo aliyoanza kuila, aliposoma kwamba sukari ni nane.

"Ya zamani ilikuwa imeandikwa ngapi?" aliuliza Inspekta.

Mama hakukumbuka, ila alinyoosha kidole dirishani. Vikombe vya zamani vilikuwa vimepangwa pale, kila kimoja na mche wake wa nyanya. Inspekta aliinua kimoja, akafuta udongo kwa kidole gumba ubavuni, mahali namba zilipochapwa. Mafuta sifuri, protini gramu sita, sukari gramu ishirini na mbili.

Akasoma tena. Akanakili namba zote tatu, akaurudisha mche juani, akashukuru kwa chai ambayo alikuwa hata hajaigusa. Mlangoni mama alimshika mkono, akamuuliza kwa sauti ya chini, waelewane kama wanawake: kati yake na mzee, nani mwongo?

"Hakuna mwongo humu ndani, dada yangu," alisema Inspekta. "Ila kuhusu biskuti sijapeleleza."

Kiwandani alifika saa tano na nusu. Meneja alimpokea kwa bashasha na mfuko wa sukari wa kilo mbili, ambao alikuwa ameuweka katikati ya meza juu ya karatasi nyeupe, kama keki ya harusi. Inspekta aliuzunguka mara moja. Ulikuwa umefunguliwa, umefungwa kwa mpira wa nywele, na ndani yake kulikuwa na kijiko cha chai kilichopinda shingo. Akauliza kiwanda kinatengeneza vikombe vingapi kwa siku. Elfu sita, akajibiwa kwa fahari.

Alitoa kalamu. Elfu sita mara gramu kumi na nne ni kilo themanini na nne kila siku. Kwa mfuko huu wa kilo mbili, na kijiko hiki, Mama Chachu angehitaji mifuko arobaini na miwili kila siku na mkono usiochoka. Meneja akasema huenda huu ni mmoja tu kati ya mingi. Inspekta akasema huenda, akaomba kuzungumza na kina mama wa kufungasha.

Kina mama wa kufungasha walikuwa saba, wamevaa kofia za nywele na gambuti nyeupe, na mwanzoni hakuna aliyejua lolote kuhusu sukari. Macho yalikuwa kwenye dari. Inspekta hakuwatisha. Aliuliza tu kama kuna mtu anayeweza kumpatia kikombe cha chai, kwa sababu alikuwa ametoka nyumbani kwa watu bila kunywa. Halafu mmoja akacheka, wa pili akamfinya, na wa tatu akatoa yote. Chai imekatazwa kiwandani tangu mwaka jana. Wao huchemsha kwenye stoo ya nguo saa nne, wakati Meneja yuko kwenye simu. Sukari ilikaa kwa Mama Chachu kwa sababu kabati lake ndilo pekee lenye kufuli linalofunga. Wote saba walikuwa wamekaa kimya siku nne, wakiogopa kufukuzwa, na wote saba walikuwa na aibu. Mmoja alianza kulia. Inspekta akawaambia kosa lao ni la chai, na ofisi yake haishughuliki na chai. Wala hakupewa kikombe, lakini hakuwa amekwenda kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo mfuko wa sukari ulikuwa umekufa kama ushahidi. Lakini gramu kumi na nne zilikuwa bado ziko palepale, na saa ilikuwa saba kasorobo.

Mama Chachu alikutwa kwenye kibanda cha mlinzi, maana kadi yake ya kuingilia ilikuwa imechukuliwa na hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Alikuwa anakuja kila siku saa kumi na mbili asubuhi, anakaa kwenye benchi, anasikiliza magari ya maziwa yanavyoingia. Mwanamke mpana, mikono mikubwa misafi, kucha zimekatwa mpaka mwisho. Alisema hakuna kitu kilichomuuma maishani kama hiki. Mume wake alimwambia apumzike, na yeye akamjibu kwamba atapumzika akifa.

Inspekta alimwomba amweleze kazi, hatua kwa hatua, kama anamfundisha mgeni. Mama Chachu akanyooka mgongo. Maziwa yanafika, yanatolewa mafuta yote, yanachemshwa, yanapozwa, yanatiwa chachu, yanaachwa yagande. Zamani jemu ya stroberi ilikuwa inamwagwa kwenye tangi, inakorogwa na yogati, kisha ndiyo vikombe vinajazwa. Miezi mitatu iliyopita Meneja aliona picha ya yogati yenye tunda chini, akaipenda. Tangu hapo mashine inaweka jemu kwanza, gramu arobaini, halafu yogati tupu juu yake, gramu mia moja ishirini. Kikombe kizima mia moja sitini, kama zamani. Jemu ile ile. Kiasi kile kile.

"Na ule mkutano? Ulisema yogati imekuwa chachu?"

"Nilisema imekuwa chachu juu. Juu, Inspekta. Nilisema waandike kwenye kikombe kwamba mtu akoroge kabla ya kula. Nikaambiwa nimezoea mambo ya kizamani."

Kisha akaikunja ile mikono mikubwa mapajani. Kilichokuwa kinamtoa machozi, alisema, si Meneja. Meneja ni meneja tu, leo yupo na kesho atahamishwa. Ni kwamba aliyetia saini karatasi za vipimo ni shemeji yake, mdogo wa mume wake, mpimaji wa maabara ya kiwanda, ambaye wafanyakazi humwita Dokta kwa ajili ya koti lake jeupe. Kazi ile yeye Mama Chachu ndiye aliyemwombea. Kila siku kwa miezi mitatu kijana wa watu amepima na kuandika sukari nane. Serikali imepima ikakuta ishirini na mbili. Basi ukiacha kikombe kile kimoja kinachokwenda maabara, yogati ya vingine vyote nani anaigusa? Ukisoma karatasi zile, hakuna jibu isipokuwa yeye Mama Chachu.

"Mama mkwe bado hajui," alisema. "Jumapili tunakula kwake wote. Nitakaa meza moja na shemeji yangu, nitampitishia chumvi, na moyoni najua ananiona mwizi. Tena mwizi wa ajabu. Mwizi huchukua, mimi naambiwa niliongeza."

Inspekta alicheka, na Mama Chachu naye akacheka, akifuta macho kwa nyuma ya kiganja. Kisha Inspekta akasimama. Alikuwa amebakiza chumba kimoja.

Maabara ya kiwanda ilikuwa chumba kidogo chenye beseni, friji na mashine moja ya kupimia maziwa, ya ukubwa wa tanuri dogo, iliyofunikwa kwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Dokta alikuwa mwembamba, msafi, mwenye adabu, na alikuwa hajalala vizuri kwa siku kadhaa. Alitoa majalada kabla hajaombwa. Karatasi tisini, moja kwa kila siku, kikombe kimoja kwa kila karatasi. Sukari nane. Sukari nane. Sukari saba nukta tisa. Hakuna iliyorukwa, hakuna iliyofutwa.

"Nipimie kimoja," alisema Inspekta, akatoa kikombe kingine kutoka mkobani.

Dokta aliosha mikono. Alibandua kifuniko. Akachukua kijiko cha chuma, akachota yogati ya juu kwa uangalifu mkubwa, vijiko vitatu, akavitia kwenye chupa ndogo pamoja na maji ya moto, akatikisa, akasogeza mrija mwembamba wa mashine mpaka ukazama. Mashine ikanguruma. Mafuta sifuri. Protini nane. Sukari nane. Zilikuwa zimekwisha kupigiwa hesabu ya kikombe kizima.

"Kwa nini ya juu?"

Alijibu bila kusita, kama mtu anayeeleza kwa nini anafunga mlango akitoka. Ni mbegu. Stroberi ina mbegu ndogo, na mrija wa mashine ni mwembamba kama sindano. Zamani jemu ilipokuwa inakorogwa kwenye tangi, alikuwa anachuja kwa kitambaa, mbegu zinabaki, utamu unapita. Vilipokuja vikombe hivi vipya, wiki ya majaribio, kabla havijaanza kuuzwa, rojo la chini lilipita kwenye kitambaa, likaziba mrija. Fundi alikuja kutoka mbali, mashine ikakaa siku tisa haifanyi kazi, na Meneja alimfokea mbele ya kiwanda kizima kwamba mbegu nyingine ikiingia humo, yeye na mbegu hiyo watatupwa wote wawili barabarani. Tangu siku hiyo anachota palipo safi.

Inspekta alivuta kiti. Akapanga vifuniko viwili mezani, kile cha stroberi ya sasa na kingine alichokibandua kwenye kikombe cha yogati tupu kilichokuwa kwenye friji ya maabara. Pembeni yake akaweka kijitabu chake, kikiwa kimefunguliwa kwenye namba alizonakili dirishani kwa Mwalimu. Aliuliza hii yogati tupu, isiyo na tunda wala sukari ya kuongeza, ina sukari kiasi gani.

"Nane," alisema Dokta. "Ile ya maziwa yenyewe. Maziwa yana sukari yake, hata usipotia punje."

"Na protini?"

"Nane."

"Na ya stroberi?"

Dokta alitazama vifuniko. Sukari nane, protini nane. Vilikuwa mapacha.

"Watu wote wameangalia sukari," alisema Inspekta, "na mimi siku mbili nimeiangalia pamoja nao. Leo nimeangalia protini. Maabara ya serikali ilikuta sukari ishirini na mbili, sawa. Lakini protini ilikuta sita. Sasa wewe ni mpimaji. Shemeji yako angetia gramu kumi na nne za sukari kwenye kikombe hiki, protini ingeshuka kwa kiasi gani?"

"Kidogo. Haifiki hata gramu moja."

"Zimeondoka mbili. Sukari anaweza kuiongeza mtu yeyote mwenye kijiko. Protini nani anaitoa?"

Dokta aliinama juu ya vifuniko. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Protini sita kati ya nane ni robo tatu. Gramu mia moja ishirini kati ya mia moja sitini ni robo tatu. Robo iliyobaki haikuwa yogati hata kidogo, ilikuwa jemu, na jemu hiyo ilikuwa imelala chini ya kijiko chake kila siku ya Mungu, ikiwa nyekundu, ikionekana wazi kwenye plastiki. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu kiti kilikuwa na Inspekta.

"Nimepima yogati tupu miezi mitatu," alisema. "Mara tisini."

Inspekta alimhurumia. Amewahi kukamata waongo, na waongo ni rahisi, unawavuta uzi mmoja wanafumuka wote. Mtu mwaminifu anayekosea vilevile kila siku kwa unadhifu ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu karatasi zake hazina doa. Alimwambia asikae sana juu ya ndoo. Ilikuwa saa nane na robo, na kulikuwa na faili la kusimamishwa.

Walimwita Meneja, na Mama Chachu akaletwa kutoka kibandani, akapewa kadi ya mgeni, jambo lililomuudhi kuliko yote. Dokta alikuwa amekwisha nunua kitambaa kipya kwenye duka la ng'ambo ya barabara, chenye matundu madogo kuliko kile cha zamani. Alichukua kikombe kizima, akakimwaga kwenye mashine ya kusagia, akakoroga mpaka ikawa ya waridi yote, akachuja mara mbili, kisha akazamisha mrija huku amebana pumzi. Mashine ikanguruma bila kuziba. Protini sita. Sukari ishirini na mbili.

Meneja aliitazama namba ile kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Alisema sasa inabidi waulize sukari hiyo imetoka wapi. Inspekta akamjibu kwa upole kwamba imetoka kwenye jemu aliyoinunua yeye, kwa kiasi alichokiidhinisha yeye, na kwamba ilikuwa imeandikwa sawasawa kwenye vikombe vyake vya zamani. Miezi mitatu iliyopita sukari ilishuka ghafla kutoka ishirini na mbili hadi nane, jemu ikiwa ile ile, na hakuuliza. Alipoletewa namba nzuri aliichapisha. Alipoletewa namba mbaya alitafuta mtu.

Lakini Meneja hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema. Alimgeukia Mama Chachu, akamuuliza kwa sauti ya asali kama haiwezekani kupunguza jemu kidogo, ili sukari ifike nane kweli, na vifuniko elfu hamsini vilivyo stoo visipotee bure.

"Hata nikiweka jemu sifuri itakuwa nane," alisema Mama Chachu. "Unachotaka ni stroberi bila stroberi."

Kina mama wa kufungasha, ambao walikuwa wamejazana mlangoni bila kualikwa, walivunjika mbavu. Inspekta aliandika kwamba mzigo wote uliobandikwa nane unazuiwa kuanzia saa hiyo, ulioko madukani urudishwe, na lebo mpya isome ishirini na mbili. Akampigia Mwalimu simu papo hapo. Mkewe ndiye aliyepokea, akasikiliza, kisha akasikika akimwita mumewe kwa jina ambalo bila shaka alikuwa hajalitumia siku nyingi. Inspekta akakata simu, maana hayo hayakuwa ya ofisi.

Alipogeuka, Dokta alikuwa amesimama mbele ya shemeji yake, koti jeupe amelivua na kulishika mkononi.

"Shemeji, nimekosea," alisema. "Hukuongeza hata kijiko. Mimi ndiye niliyepima nusu nikaiita nzima. Naomba unisamehe, na naomba urudi kazini."

Chumba kizima kilimtazama Mama Chachu. Meneja naye aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kwamba ndiyo, arudi, hata sasa hivi. Inspekta alikuwa amekwisha funga kijitabu chake. Kwa upande wake kesi ilikuwa imekwisha.

Kwa upande wa Mama Chachu ilikuwa bado. Alikitazama kile kikombe kimoja kilichosagwa, kisha akalitazama jalada la karatasi tisini.

"Ulinitoa kwa vikombe tisini," alimwambia shemeji yake. "Sasa unataka kunirudisha kwa kimoja?"

Dokta akauliza vipimwe vingapi. Mama Chachu akafikiri, akasema yeye si mtu mbaya, vitatosha kumi, ila vitoke kwenye makatoni kumi tofauti na avichague yeye mwenyewe. Akaenda akavichagua. Kisha akaketi kwenye kile kiti cha pekee, mikono mapajani, na Dokta akavaa koti lake akaanza. Mwaga, koroga, chuja, zamisha. Ishirini na mbili. Kina mama wa kufungasha wakaanza kuzitaja namba kwa pamoja kila zilipotokea. Ishirini na mbili. Ishirini na moja nukta tisa. Meneja, kwa kukosa la kufanya, alipewa kazi ya kubandua vifuniko, akaifanya vizuri. Saa kumi jioni ikafika na kupita, na faili likabaki mezani kwake ghorofani.

Kwenye kikombe cha saba, huku mashine ikiwa bado inanguruma, lori la maziwa liliingia uani likipiga honi mbili. Mama Chachu aliinuka. Hakusubiri namba. Alikwenda kwenye beseni, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akapokonya kofia ya nywele kichwani mwa wa kwanza aliyekuwa mlangoni, akatoka akiuliza kwa sauti ni nani aliyekuwa anaangalia joto la maziwa siku hizi nne, na kwa nini tangi la pili linanuka. Kina mama wote saba wakamfuata mbio, na Meneja nyuma yao, akijaribu kueleza.

Inspekta alitia saini, akachukua mkoba wake. Dokta hakumwona alipotoka. Kiti kilikuwa kitupu na chumba kilikuwa kimya, lakini yeye alibandua kifuniko cha nane, akakoroga mpaka chini, kisha cha tisa, kisha cha kumi, na kila namba akaiandika.